Laptopu ya Kawaida Tu

Mimi nilichotaka ni laptopu ya kawaida tu. Ya kuandikia barua, mtoto afanyie kazi za shule, mama watoto aangalie tamthilia zake, na usiku nikipata upenyo nisome habari za mpira. Basi. Sikusema nataka kurusha roketi.

Ile ya zamani ilifika mahali ukiiwasha unakwenda kuoga, unajipaka mafuta, unavaa, unarudi unakuta kile kiduara bado kinazunguka. Diski yake nayo ni zile za kuzunguka, unaisikia inakwaruza ndani kama panya darini.

Kosa langu ni kuomba ushauri. Jirani akasema bila kadi ya picha, ile ya wacheza gemu, nisinunue. Kadi ya picha ya kuandikia barua! Shemeji ndiye aliyeniweza: "Shemeji, tafuta yenye prosesa ya i7, ndiyo ubongo wa kompyuta. Ukishaona i7, funga macho ulipe."

Nikaipata i7, ya mtumba, bei rahisi mpaka nikamwonea huruma muuzaji. Bahati kijana mmoja aliyekuwa pembeni akachungulia namba: i7-3520M. "Mzee, hiyo 3 ndiyo kizazi. Hii ni ya 2012. Windows 11 inataka cha 8 kwenda juu." Na Windows 10, akaniambia, Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Kumbe i7 nayo inazeeka! Ile stika wangeiandika na umri, maana hata i3, ya daraja la chini, ikiwa ya juzijuzi inampita babu huyu akiwa bado anatafuta miwani.

Nikakasirika, nikasema sasa nanunua mpya, ya kwenye boksi, tena ile ya bei ya chini kabisa. Hapo ndipo nilipopatikana.

Kwenye boksi: nafasi ya kuhifadhia GB 64. Kuwasha, yenyewe inasoma 59 na ushee. Eti kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Kwa hiyo wamegombana wao, nikakatwa mimi. Na hizo zilizobaki, Windows alikuwa ameshajitandaza humo kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Likaja sasisho, linadai nafasi. Nikahamishia picha za harusi kwenye flashi. Likaingia. Mwezi uliofuata likaja jingine. Nikatazama kilichobaki cha kufutwa, nikaona ni Windows na mimi.

RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa GB 4. Ukifungua vichupo vitatu vya intaneti, cha nne kinakuja kwa kuombewa. Nikampelekea fundi aongeze. Akafungua mfuniko, akacheka kwanza. "Hii imechomelewa kwenye bodi, mzee. Ulivyoinunua ndivyo utakavyozikwa nayo." Na ile nafasi ya kuhifadhia? Imechomelewa pia. Mtu anakuuzia nyumba ambayo hata msumari huruhusiwi kupigilia.

Kioo sasa! Ukikaa katikati unaona watu. Ukisogea pembeni kidogo, sura zinageuka nyeusi, meno meupe yanakuwa ya kijani. Kuangalia tamthilia ilibidi familia tujipange foleni, mmoja nyuma ya mwingine, kama tunasubiri chanjo. Mama watoto akauliza kwa upole ule unaotisha: "Baba watoto, hii ndiyo mpya?"

Safari ya tatu sikumwambia mtu. Nikarudi kwenye mtumba, hizi zilizotumika maofisini: i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, diski ya SSD, ile isiyozunguka, ya GB 256, na mfuniko unaofunguka kwa skrubu kama vitu vya heshima. Muuzaji akaniapia betri ni mpya kabisa. Nikamwambia ngoja. Nikaandika ile amri niliyofundishwa, powercfg /batteryreport, ikatoa ripoti: betri ilizaliwa na uwezo gani, na sasa imebaki na kiasi gani. Imebaki nusu. Muuzaji akaangalia dari, mimi nikamwangalia yeye. Bei ikashuka yenyewe, wala sikuongea.

Kibodi nikaijaribu herufi moja moja, mpaka zile ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Q ilikuwa inakwama. Nikaisamehe.

Jana usiku nikaiwasha kwa mara ya kwanza nyumbani. Nikanyanyuka kwenda kuoga kama nilivyozoea, nikakumbuka nimesahau taulo. Kugeuka, imeshawaka, inanisubiri. Nikakaa chini, nikafungua ukurasa mweupe nianze barua. Kimya. Zamani barua yote nilikuwa naitunga bafuni. Nimekodolea macho kile kimstari kinapepesa, mama watoto akapita nyuma yangu: "Vipi, nayo imeganda?"

Nikamwambia ndiyo.