Unataka Kimya? Kanunue Mafuta ya Taa

Haya, umechoka na London. Ving'ora, jirani wa ghorofa ya juu anayevuta kabati saa nane usiku, treni inayopita chini ya kitanda chako. Umeamua kuhamia shamba: kijiji kidogo, nyumba ya mawe, moshi wa kuni, kondoo wawili kwenye picha. Dalali kakuandikia kwamba mahali pametulia. Bwana we, dalali wa Uingereza na dalali wa Kariakoo wamesoma shule moja. "Pametulia" maana yake basi halifiki, na "nyumba ina historia" maana yake mlangoni utaingia umeinama.

Tuelewane kwanza. Shamba la Mwingereza ni kiwanda kisicho na paa, na kina zamu zake mwaka mzima. Wewe unaonyeshwa nyumba Jumanne ya Juni saa nne asubuhi, kiwanda kikiwa kwenye mapumziko ya chai, unatia saini. Makosa ya nani?

Chukua kalenda. Januari ni msimu wa mbweha kutafutana, na mbweha jike akiita usiku utadhani kuna mtu ananyongwa nyuma ya banda. Usipige simu polisi, wamezoea. Februari ndiyo kubwa. Sehemu nyingi za Uingereza zina sheria ya kulinda maji yasiingiwe na naitreti, ile kemikali ya mbolea na samadi: kwa udongo wa kawaida, samadi ya majimaji hairuhusiwi kumwagwa shambani tangu Oktoba mpaka tarehe 31 Januari. Sasa ng'ombe hajui sheria. Anaendelea na shughuli zake miezi yote hiyo, shimo linajaa mpaka ukingoni, na Februari mosi matrekta yanatoka kama watoto wa shule kengele ya likizo ikilia. Kelele utazivumilia. Ile harufu, usianike nguo.

Machi na Aprili kondoo wanazaa, taa na pikipiki za magurudumu manne usiku kucha. Kiangazi wanakondoo wanatenganishwa na mama zao, na mama analia siku mbili tatu mfululizo, wewe kitandani unalia naye. Agosti ngano imekauka. Mkulima anaitaka punje yenye unyevu wa asilimia 15 hivi, ikizidi hapo atalipia kuikausha. Kwa hiyo siku jua likiwaka, mashine ya kuvuna haizimwi mpaka umande ushuke, na umande wenyewe unaweza kushuka saa sita usiku. Vuli bundi wanaanza kuitana bustanini. Huko kwetu ungeshatuma salamu nyumbani kuuliza kama wote wazima. Hapa jirani anakwambia eti una bahati.

Na Oktoba mosi, bunduki. Feasanti, ndege jamii ya kwale mwenye mkia mrefu na akili fupi, anawindwa tangu siku hiyo mpaka Februari mosi. Sheria inakataza kumpiga Jumapili na siku ya Krismasi England na Wales, kwa hiyo Jumapili unadhani utalala. Kalale. Kanisa lina kengele sita au nane, na wenzetu hawazipigi kwa wimbo, wanazipiga kwa hesabu, zikibadilishana zamu moja baada ya nyingine, halafu katikati ya juma wana jioni yao ya mazoezi. Ukitaka kushtaki, kumbuka kengele ilikuwepo kabla ya babu wa babu yako. Kengele zikinyamaza zinakuja pikipiki. Njia yoyote yenye kona nzuri na mandhari nzuri ni uwanja wao siku ya jua. Barabara ya A537 kati ya Macclesfield na Buxton ni maarufu kwa hilo. Nyumba iliyo kwenye kona ya namna hiyo ina picha nzuri sana kwenye tangazo.

Utasema, basi nitakwenda mbali kabisa. Nenda Northumberland, kaunti ambayo watetezi wa mashamba wa CPRE walipopima utulivu wa England waliiweka namba moja. Ni kweli pametulia. Ila karibu robo ya hifadhi yake ya taifa ni uwanja wa jeshi wa Otterburn, na jeshi halifanyi mazoezi ya kunong'ona, wana mizinga. Bendera nyekundu ikipepea, ujue. Au nenda milima ya Wales, kati ya Dolgellau na Machynlleth, ambako ndege za kivita hupita bondeni chini kiasi kwamba wapiga picha wanasimama mlimani na kumtazama rubani kwa juu, kama mtu wa kibarazani anayeangalia daladala. Kawaida ndege hizo zinaruhusiwa kushuka mpaka futi 250. Katika maeneo matatu, yaani Wales ya kati, mpakani mwa Uskoti na England, na kaskazini mwa Uskoti, zinaweza kushuka mpaka futi 100, ambazo ni mita 30 tu, mnazi mmoja mrefu sana. Wizara ya Ulinzi hutangaza ratiba yake mtandaoni. Watu wanasoma ratiba ya mpira, hiyo hawaisomi.

Jambo moja wanalolisahau hata wenyeji ni upepo. Uingereza upepo mwingi hutoka kusini-magharibi, na sauti hupanda upepo kama abiria. Nyumba iliyo kilometa moja kaskazini-mashariki ya barabara kuu ya magari sita-sita itanguruma mwaka mzima. Iliyo kilometa moja upande wa pili, kusini-magharibi, inaweza kukaa kimya siku nyingi. Na usitegemee miti, mstari mmoja wa miti unazuia macho, hauzuii sauti. Kilima kinazuia. Kwa hiyo nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ya kipimo cha 1:25,000, ile ya jalada la rangi ya chungwa, uitandike mezani, uangalie mistari ya miinuko kati ya nyumba na barabara. Ukiwa hapo angalia na vistari vifupi vifupi vya kijani: ni njia za umma za miguu, na ikipita kwenye bustani yako, kila mwenye fimbo na mbwa ana haki ya kupita huku anakutazama unavyokunywa chai.

Sasa kimya kikipatikana kweli, ndipo utakapogundua kwamba hakikunyamaza peke yake. Simu nayo imenyamaza. Kuta za mawe zina unene wa nusu mita, mtandao unaishia dirishani. Kagua kwa kutumia namba ya posta kwenye tovuti ya Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, kampuni zote, na uangalie hali ya ndani ya nyumba, siyo ya nje. Intaneti unayo haki ya megabiti 10 kwa sekunde tangu 2020, ila gharama ya kukuunganisha ikizidi pauni 3,400 ziada ni yako. Na zile simu za zamani za waya wa shaba, zilizokuwa zinafanya kazi hata umeme ukikatika, zinaondolewa. Mpango ni ziishe Januari 2027. Simu ya kisasa inategemea kisanduku cha intaneti, na kisanduku kinategemea soketi.

Na soketi inategemea nguzo za miti zilizopangwa porini. Dhoruba ya Arwen, Novemba 2021, iliangusha nyaya, na maelfu ya nyumba za Uskoti na kaskazini mwa England zikakaa zaidi ya wiki bila umeme. Mtu aliyekimbia mgao wa umeme, akapita bahari mbili, akalipa mkopo wa miaka 25, ili akakae gizani na mshumaa! Namba ya kuripoti ni 105. Iandike ukutani.

Halafu gesi. Bomba la gesi halifiki vijiji vingi, na hapo ndipo ucheke au ulie, kwa sababu nyumba inapashwa joto kwa mafuta ya taa. Yaleyale. Ya koroboi. Ya kibatari cha bibi. Wanayaita jina la heshima kidogo, ila ni yenyewe, na huwezi kwenda na chupa ya soda ukapimiwa ya mia tano: wauzaji wengi hawaji chini ya lita 500. Nyumba ya mawe ya vyumba vitatu inaweza kunywa lita 2,000 kwa mwaka bila kuona haya.

Tangi likague wewe mwenyewe kabla ya kununua nyumba. La chuma huota kutu kwa ndani, maana maji ya mvuke hukaa chini ya mafuta. La plastiki la ukuta mmoja hupasuka kwa kupigwa na jua miaka mingi. Likiwa ndani ya mita 10 na mto, au mita 50 na kisima, linatakiwa liwe na kinga ya pili ya kudaka mafuta yanayovuja, na kama halina, bei ya tangi jipya ishuke kwenye bei ya nyumba. Pima na njia ya kuingilia, kwa futi kamba, geti kwa geti, kwa sababu lori la mafuta lisipopita, mpira wake wa kumiminia una mwisho. Na usiache likauke kamwe. Likikauka, bomba huvuta hewa na tope la chini, boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, inajifunga, na wewe unamsubiri fundi aje kutoa hewa ukiwa umevaa makoti mawili ndani ya blanketi. Agiza Julai au Agosti. Desemba kila mtu amekumbuka, bei imepanda na foleni ni ya wiki kadhaa. Vijiji vingi vina kikundi cha kuagiza pamoja ili wapunguziwe. Ni kama upatu, tofauti ni kwamba ukipokea unaunguza.

Choo nacho uulize kinakwenda wapi. Mara nyingi kinakwenda kwenye tangi lako mwenyewe, bustanini, la kunyonywa mara moja kwa mwaka hivi. Tangi la zamani linalomwaga moja kwa moja mtoni haliruhusiwi tena England, lilitakiwa libadilishwe kufikia 2020, na bado yapo yanayouzwa pamoja na nyumba, kimya kimya. Kimya cha aina hiyo kinagharimu maelfu ya pauni.

Basi la abiria ni Jumanne na Ijumaa tu. Unga wa ugali uko mjini Leicester, kwa hiyo nunua friza na uweke akiba kama nyuki. Barabara ina upana wa gari moja na nusu, kikomo cha mwendo kisheria ni maili 60 kwa saa, na mbele yako kuna trekta: jifunze kurudi nyuma mita mia moja kwenye kona, huo ndio mtihani halisi wa udereva.

Kama mnaniuliza mimi, achaneni na sehemu za kadi ya posta. Cornwall, kusini-magharibi, na eneo la maziwa la Lake District, kaskazini mwa England, ni soko la Agosti na kaburi la Januari, nusu ya taa ni za wenye nyumba za likizo. Pwani ya magharibi ya Uskoti ni nzuri mno, ila tangu Mei mpaka Septemba jioni isiyo na upepo ina visubi vitakavyokufanya uupende mbu. Inverness, kaskazini mwa Uskoti, Desemba jua linatoka saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinasukumana mlangoni. Chagua sehemu zisizo na sifa: Powys ya Wales upande wa mashariki, kusini ya Shropshire huko England, Galloway ya Uskoti. Hakuna anayezipiga picha, ndiyo maana zimetulia. Ukitaka kimya cha dini kabisa kipo kisiwani Lewis, Uskoti, ambako Jumapili wapo wanaokutazama vibaya ukianika nguo. Na Stornoway, mji wa kisiwa hicho, una msikiti tangu 2018. Upepo wake sisemi.

Nyumba uitembelee mara tatu. Usiku wa katikati ya juma. Jumapili mchana yenye jua. Siku ya mvua kubwa, uone maji yanapita wapi. Kila mara zima injini, shusha vioo, kaa nusu saa, ule ndizi yako. Kisha umtafute mzee anayetembeza mbwa, umsalimie, umuulize panakuwaje hapa. Atakuna kidevu, atatazama mawingu, atakwambia pametulia sana. Halafu atasema, "isipokuwa..." Hapo usiondoke. Toa kalamu.