Kabla ya chakula, leteni deli la barafu

Habari inasema wanaojitolea kuhudumia mbwa na paka wa mitaani Kigamboni wanaomba chakula. Sawa, ila siku ya chanjo kinachokwamisha ni ubaridi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Deli likiachwa juani kwenye foleni ya kivuko, dawa inapungua nguvu na kwa macho huoni tofauti. Vifuko vya barafu vitoeni kwenye friza mapema mpaka vianze kutoa jasho, kisha vifungeni kwa taulo. Chupa ya chanjo ikiganda ni ya kutupa. Mwenye gari abebe paka waliofungwa kizazi, bado wana usingizi wa dawa, bodaboda haiwafai. Na mifupa ya kuku iliyopikwa bakini nayo jamani, inapasuka vipande vyenye ncha.