Kumhubiria mwenye njaa ni kumwonea?

Shutuma dhidi ya wamisionari wanaohudumia maskini imezeeka: mkono mmoja unatoa mkate, wa pili unatoa Biblia, na mwenye njaa hana ubavu wa kupokea kimoja akakataa kingine. Akisema ameokoka, nani ajue kilichomvuta?

Shutuma hiyo ina ushahidi. Katika njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, wako Waprotestanti waliowagawia Wakatoliki supu pamoja na mafundisho ya kuwabadili dhehebu, na aibu ya kuuza imani kwa bakuli la supu iliziandama familia kwa vizazi. Waquaker, kundi dogo la Kikristo, nao waligawa chakula katika njaa hiyohiyo bila kumdai mtu imani yake, na Waairishi wanawakumbuka kwa heshima. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika kadhaa waliweka kanuni za maadili ya misaada ya maafa: msaada usifungwe kwenye kukubali siasa au dini fulani. Kati ya waliozidhamini walikuwamo Caritas, ambalo ni shirika la misaada la Kanisa Katoliki, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Anayeziona kanuni hizo kuwa njama za wasioamini ajue kwamba makanisa yalikuwa mezani.

Ila kanuni hizo zinakataza sharti. Hazimkatazi mtu kuwa na imani yake na kuisema. Wakosoaji wengi hulivuka pengo hilo kwa dhana wasiyoitamka, kwamba njaa humwondolea mtu akili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa anamdharau pia. Fukara huyohuyo tunamwamini apige kura, asikilize ahadi za wagombea, apime maneno ya mkopeshaji. Anapomsikiliza mhubiri ndipo ghafla anageuka mtoto? Watu wenye shida wanajua kuinua mkono mkutanoni, wakachukua blanketi, wakarudi kwenye imani ya wazazi wao. (Wahubiri wanalijua hili kuliko wakosoaji wao, na ndilo linalowanyima usingizi.)

Injili yenyewe haina aibu juu ya jambo hili. Katika Luka 17 wakoma kumi wanatakaswa na mmoja tu, Msamaria, ndiye anayerudi kushukuru. Huyo anaambiwa imani yake imemwokoa. Wale tisa hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Katika Yohana 6 Yesu analisha maelfu, kisha kesho yake anawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu ya mikate, na anaendelea na maneno magumu hadi wengi wa wanafunzi wake wanamwacha. Anayetumia chakula kama chambo hasemi maneno ya kuwafukuza samaki.

Uko utafiti ambao pande zote mbili zingeusoma polepole. Wachumi Gharad Bryan, James Choi na Dean Karlan waliuchapisha mwaka 2021. Huko Ufilipino, shirika la kiinjili lilikuwa likifundisha maelfu ya kaya fukara kwa takriban miezi minne kuhusu imani, afya na riziki. Watafiti wakapanga kwa bahati nasibu nani apate yote, nani apate afya na riziki bila imani, nani imani peke yake, na nani asipate chochote. Kwa mpangilio huo, athari ya mahubiri iliweza kupimwa kando na ile ya huduma. Miezi sita baada ya mafunzo, waliofundishwa imani walikuwa wameshika dini zaidi, na kipato chao kilikuwa juu kwa kama asilimia 9. Lakini matumizi, uhakika wa chakula na kuridhika na maisha havikuonyesha tofauti ya kueleweka. Tena walijiweka chini zaidi walipoulizwa hali yao ya uchumi ikoje mbele ya wengine.

Mhubiri wa injili ya mafanikio atakimbia na ile asilimia 9, na mpinzani atakimbia na yaliyobaki. Mimi nakwama kwenye hilo la kujiona chini. Kipato kimepanda, kwa nini mtu ajione maskini zaidi? Nahisi alifundishwa kutazamia makubwa kuliko aliyokuwa ameyazoea, akaiona hali yake kwa jicho jipya. Tumeambiwa miaka mingi kwamba dini ni kasumba ya kuwatuliza wanyonge. Hapa waliopewa dozi ndio waliokataa kutulia.

Utafiti huo hauwaachi wahubiri salama pia. Miezi 30 baadaye ile bidii ya dini haikuonekana tena, ingawa Wakatoliki walikuwa wamepungua kati yao na Waprotestanti wameongezeka. Yaani jina la dhehebu lilidumu kuliko moto wenyewe. Miezi minne ya semina haizai mwanafunzi, na kanisa linalohesabu ongofu siku ya kufunga mafunzo linahesabu mapema mno.

Na tusimwombe muumini afanye asichoweza. Mkutano wa Wakristo wa kiinjili uliofanyika Lausanne, Uswisi, mwaka 1974 ulisema kwamba huduma ya jamii si uinjilisti, wala ukombozi wa kisiasa si wokovu, ila uinjilisti na kushughulikia mambo ya jamii na siasa vyote ni wajibu wa Mkristo. Aaminiye kwamba kuna uzima wa milele, kisha akagawa dawa na kulinyamazia hilo, kwa hesabu yake mwenyewe ameficha kilicho bora.

Kwa watoto nahama upande. Mtoto anayelala katika bweni la misheni hana pa kwenda akikataa sala ya jioni, na hoja yangu ya akili ya mtu mzima haimfikii. Nahama pia kwenye ripoti za wafadhili. Mhubiri anaweza kugawa chakula kwa moyo safi, pasipo sharti lolote, huku ofisi iliyomtuma ikidai picha za mikono iliyoinuliwa na idadi ya waliookoka kabla ya kutoa fungu la pili. Sharti basi lipo, ila limeandikwa kwenye fomu ambayo mwenye njaa haonyeshwi.