Mtumishi Akisoma, Anabanwa Peke Yake

Ikizungumzwa habari ya watumishi wa umma kujiendeleza, lawama humwangukia mtumishi: anakimbilia vyeti, anatelekeza kituo. Si lawama ya bure. Zahanati ya kijijini ikiwa na tabibu mmoja na muuguzi mmoja, kisha mmoja akaenda chuo miaka 3, wanaoumia ni wajawazito na watoto. Lazima mwajiri awe na kauli juu ya nani aende, lini, na akasome nini.

Ila utaratibu uliojengwa juu ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 hapa Tanzania unamdai mwajiri pia. Yeye ndiye wa kutathmini mahitaji, kuandaa mpango wa mafunzo na kuutengea fedha. Mipango ipo, imesainiwa, imo kwenye mafaili. Fungu la OC, yaani fedha za matumizi ya kawaida ya ofisi nje ya mishahara, likija pungufu, mafunzo hukatwa mapema.

Basi muuguzi wa ngazi ya cheti anakopa benki, mshahara unabaki karibu na theluthi, anajisomesha stashahada kwa kibali halali. Anarudi kituo kilekile, anaomba kubadilishiwa muundo, yaani kupangwa kwenye cheo na mshahara wa elimu yake mpya. Afisa utumishi anamjibu asubiri: nafasi haimo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, bajeti ya mishahara imeshapita. Anazalisha, anasimamia zamu, anaelekeza wageni wa kazi, na kulipwa kwa cheti cha zamani. Marejesho ya benki hayasubiri ikama.

Sasa tazama uzito wa adhabu. Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2003 zilihesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 kuwa kosa la kufukuzwa. Siku 5 tu! Siupingi ukali huo. Mgonjwa hawezi kungoja mtoro. Ninachouliza ni nani anayehesabu siku za mwajiri aliyeacha mpango wake kabatini mwaka hadi mwaka. Mtumishi ana tarehe ya kuondoka, tarehe ya kuripoti na mkataba wa kurudi kutumikia. Barua ya muundo mpya haina tarehe.

Hazina nayo ina hoja: haiwezi kupandisha mishahara kwa kila anayehitimu. Lakini kibali cha masomo hutolewa mapema, na mwaka wa kuhitimu unajulikana siku hiyohiyo. Nafasi iingizwe kwenye makadirio ya ikama ya mwaka huo kibali kinapotoka. Na kama hakuna uwezo wa kuilipa, aambiwe kabla hajasaini mkopo.