Simba Hakai Karibu na Simu

Jamani, anayesema simu inatosha kwa picha za safari namkaribisha Capri Point, hapa Mwanza, tukae wote. Aielekeze hiyo simu yake Kisiwa cha Saanane, avute mpaka mwisho, halafu anioneshe pimbi aliyejianika juu ya jiwe. Atanionesha kitu cha kahawia chenye miraba miraba. Mie nitamuuliza: huyu pimbi au andazi?

Mwaka huu tumepanga familia nzima tuingie Serengeti kwa geti la Ndabaka, pale barabara ya Musoma. Watu wa Mwanza mbuga tunayo jirani, lakini simba tunamwonea kwenye kalenda ya ukutani. Nimesema safari hii simba aonekane mpaka masharubu. Tatizo, simba hana habari kwamba simu yako ni ya mkopo. Analala zake kivulini kule mbali, na gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata. Kwa hiyo nataka kamera ndogo ya kuingia mfukoni, yenye zumu ndefu. Hilo tu, wala sikuomba ndege.

Naingia duka la kwanza, nauliza zumu, kijana ananijibu megapikseli. "Mzee, hii ina megapikseli ishirini!" Sawa mwanangu, inavuta mara ngapi? "Mara mia na sitini!" Nikavaa miwani, nikasoma maandishi ya kwenye lenzi: 40x. Hizo nyingine zote ni za dijitali, yaani kamera inakata kipande cha picha na kukitanua. Kutanua hata simu yangu inatanua, tena bure.

Nikampelekea shemeji kesi hiyo, yule anayepiga video za harusi. Afadhali ningebaki na kijana wa dukani. Shemeji hajibu swali, anafungua darasa. Canon SX740 HS, anasema, inafika milimita 960 (milimita zikizidi, ndivyo inavyovuta mbali), lakini kihisi chake, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, hakizidi ukucha wa mtoto, na ukivuta mpaka mwisho lenzi inabaki f/6.9, mwanga unaingia kidogo. Chui akitoka jioni utapata ukungu wenye mkia. Haya, nipe yenye kihisi kikubwa. "Sony RX100 VII." Inavuta? "Milimita 200." Mita mia mbili ningeelewa! Kuna ya katikati, Panasonic TZ200, inafika 360, kihisi chake wanakiita cha inchi moja. Nikauliza vipimo: milimita 13.2 kwa 8.8. Hata seremala wa Igoma hakudhulumu inchi kiasi hicho. Nikasema basi, nipe inayovuta kuliko zote. Akanitajia Nikon P1000, inafika milimita 3000, uzito karibu kilo moja na nusu. Shemeji, mfuko wangu ni wa shati.

Halafu kuna jua letu. Panda kivuko saa saba mchana, ziwa linang'aa, kioo cha kamera hukioni hata ukijifunika kanga ya mwenzio. Pale ndipo unapohitaji tundu la kuchungulia kwa jicho, na nyingi ya hizi ndogo wameliondoa. Sijui waliotengeneza wanaishi nchi gani isiyo na mchana. Ya Panasonic TZ95 wamelibakiza, na zumu yake 30x, milimita 720. Moyo ukatulia hapo.

Mpya sikuipata mjini, nikaoneshwa iliyotumika. Nikaiwasha, lenzi ikatoka ikisaga mchanga. Nikapiga anga juu ya ziwa: doa jeusi, juu kushoto. Nikavuta zumu, doa nalo likanenepa.

"Huyo ni ndege, mzee," muuzaji akasema bila kupepesa. "Huku furukombe ni wengi."

Nikageuka, nikapiga ukuta wa duka lake. Furukombe yupo, juu kushoto. Nikapiga uso wa muuzaji mwenyewe, furukombe katua kwenye nyusi. Ndiyo taabu ya lenzi hizi za kuingia na kutoka, zinavuta vumbi la barabarani mpaka ndani kwenye kihisi, na hilo hulipangusi kwa shati. Eti ananipunguzia bei "kwa sababu ya ndege".

Basi shemeji akaniulizia mpya kwa watu wake Dar. Nikakaa na Mama Kulwa jioni nimweleze kwa utaratibu: zumu, kihisi, tundu, f ngapi. Akanisikiliza huku anachambua dagaa. Nilipofika kwenye mtikisiko wa mkono akanikatisha.

"Baba Kulwa, kioo chake kinageuka tujipige wenyewe?"

"Kinageuka."

"Basi nunua."

Bei hajauliza. Hiyo nimemwachia shemeji aje aitaje yeye, mie siku hiyo nitakuwa Kirumba.