Ni damu ya ukoo au mafuta ya chapati?

Mtu akianguka ghafla hapa Kampala, matangani huzuka kambi mbili. Moja inasema presha ni ya ukoo ule, hata baba yake aliondoka hivyohivyo. Nyingine inalaumu mafuta ya chapati.

Kambi ya chakula ina ushahidi wa papa hapa. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones walilinganisha kolesteroli ya Waafrika na Wahindi waishio Uganda. Waafrika, walioshibia matoke na viazi vitamu, walikuwa nayo kidogo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno kwao. Kwa Wahindi, wapishi wa samli, ulikuwa tatizo kubwa.

Ila hawakutofautiana vyungu tu. Hata asili yao ilikuwa mbali. Leo inajulikana kwamba watu wa asili ya Asia Kusini huugua moyo mapema kuliko wenzao, hata wakihamia London. Utafiti ule unaopendwa sana na watu wa lishe hauwezi kuamua kesi hii peke yake.

Na jeni si mchezo. Takriban mtu 1 kati ya 250 hurithi hitilafu inayolifanya ini lishindwe kuchuja kolesteroli vizuri tangu utotoni. Anaweza kuwa mwembamba, mla mboga, na mishipa ikaziba angali kijana. Wapo pia wenye bahati: mwaka 2006 iliripotiwa kuwa Wamarekani weusi wenye mabadiliko fulani katika PCSK9, jeni inayohusika na kolesteroli, kama 2.6% yao, walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa 88%.

Hata hivyo mimi naegemea chakula, kwa sababu ya muda. Jeni za Waganda hazikubadilika tangu 1959. Sahani ndiyo iliyobadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha. (Kweli, presha si sawa na mishipa kuziba, na siku hizi tunaishi miaka mingi zaidi.) Kwa nini nchi nzima inaugua? Tazama chumvi, mafuta, na boda inayotubeba hadi mlangoni. Kwa nini wewe, na si ndugu yako mliyekula naye sufuria moja? Hapo ndipo ukoo unapoanza kusema.

Utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa hata wenye jeni mbaya, wakiishi vizuri, hatari yao hupungua karibu nusu. Tatizo, waliopimwa walikuwa hasa Wamarekani weupe na Waswidi. Katogo, ile sufuria yetu ya matoke na utumbo, hawaijui.