Akiolewa je?

Kikao cha ukoo kilipokaa siku ya nne baada ya mazishi ya baba, mimi nilikuwa Lincoln, mji wa mashariki mwa Uingereza, nimekaa ukingoni mwa kitanda na sare ya kazi bado mwilini. Simu ya kaka iliwekwa spika juu ya meza. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anakohoa, kisha baba mkubwa akaanza kugawa kihamba, yaani shamba letu la ukoo. Kaka akapewa sehemu ya juu, upande wa mfongo, mfereji wetu wa maji. Mimi kitinda mimba nikapewa nyumba ya wazazi pamoja na migomba na kahawa inayoizunguka, kama mila yetu Wachaga inavyotaka. Jina la dada likaja mara moja tu: "Na dada yenu atabaki kuangalia nyumba." Nikajibu, "Asanteni sana wazee wangu." Asante ile inanikaba koo mpaka leo.

Dada ndiye aliyefunga kibanda chake cha kushona nguo Arusha akarudi kwetu Kibosho mama alipopooza. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza usiku asipate vidonda. Miaka sita. Mama alipozikwa, akaanza na baba. Kazi hiyohiyo mimi naifanya hapa, kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kila mwisho wa mwezi nalipwa. Najua uzito wa mtu mzima anayegeuzwa saa nane usiku.

Wiki ile kaka alinitumia picha: masale mapya yamepandwa kuonyesha mpaka, majani bado yamelegea kwa jua. Nilipowaeleza Watanzania wenzangu wa hapa kwamba sikuridhika, wengi walinijibu jambo moja. "Umeharibiwa na Uzungu. Binti kurithi ardhi ni mambo ya Wazungu." Basi nataka kusema juu ya hilo, maana mji ninaoishi una ushahidi wake, na unaonekana kwa macho.

Juu ya kilima cha Lincoln kuna ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1068. Nikitoka zamu ya usiku Jumamosi hunywa chai nikangoja lango lifunguliwe, nikapanda ukutani. Upande mmoja kuna mnara wa mawe unaoitwa Lucy Tower. Ndani hauna paa. Ni nyasi, miti, na vijiwe vya makaburi ya wafungwa wa karne ya 19, kila kimoja na herufi za jina tu. Mnara umebeba jina la Lucy, bibi kabaila aliyerithi mashamba makubwa ya Lincolnshire. Aliolewa mara tatu. Mume wa tatu, kabaila wa Chester, alifariki karibu na mwaka 1129, na kwa desturi ya wakati ule mjane mwenye ardhi alikuwa zawadi mkononi mwa mfalme: humwoza kwa yule anayetaka kumtajirisha. Kwenye daftari la hazina ya mfalme la mwaka 1130 imeandikwa kwamba Lucy anadaiwa marki 500, yaani pauni zaidi ya 333 za siku zile, ili asilazimishwe kuolewa kwa miaka mitano. Mama mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, analipia kuachwa peke yake. Na hata hivyo anapewa miaka mitano tu.

Huo ndio Uzungu ninaoambiwa umeniharibu.

Ninayemwaza zaidi, lakini, ni Nicola de la Haye. Baba yake alifariki mwaka 1169 bila mtoto wa kiume, akiacha mabinti watatu. Nicola alikuwa mkubwa, na ukuu wa ngome hii ya Lincoln, ambao ulikuwa wa kurithiwa katika familia yao, ukamwangukia yeye. Kwenye karatasi waume zake ndio walioushika, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu yake. Mwaka 1191 ngome ilipozingirwa, mumewe hakuwepo. Nicola aliilinda kwa zaidi ya siku 40 mpaka maadui wakaondoka. Mtawa mmoja aliyeandika habari za miaka ile alimsifu kwa kusema kwamba hakuwaza lolote la kike, alipigana kama mwanaume. Nilipoisoma sifa hiyo nilimkumbuka baba mkubwa pale mazishini: "Huyu binti ni dume kabisa." Dada alisifiwa hivyo siku nne kabla ya kikao kilichomnyima.

Mumewe alipokufa, Nicola alibaki na ngome kwa jina lake mwenyewe. Mfalme John alipofika Lincoln mwaka 1216, mama yule alitoka langoni na funguo mkononi, akamwambia amezeeka, mzigo umemshinda, azichukue. Mfalme akamwomba aendelee kuzishika. Tarehe 18 Oktoba mwaka huohuo akamfanya sherifu wa Lincolnshire, yaani mtu wa mfalme katika mkoa mzima, wa kodi na wa mahakama. Kesho yake mfalme akafa. Majira ya kuchipua yaliyofuata, makabaila waasi pamoja na Wafaransa waliuteka mji na kuizingira ngome, na bibi yule, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, akawazuia hadi jeshi la William Marshal, aliyetawala kwa niaba ya mfalme mpya, lilipofika na kuwashinda tarehe 20 Mei 1217.

Na hapa ndipo ninapoona kihamba chetu. Siku nne tu baada ya ushindi, mkoa na ngome vilichukuliwa, vikapewa William Longespée, baba mdogo wa mfalme mpya aliyekuwa bado mtoto. Ameshika ukuta wakati wa mishale, na mishale ilipokwisha akaambiwa apishe. Nicola hakusema asanteni wazee wangu. Alisafiri hadi baraza la mfalme, akadai haki yake ya urithi, na kabla mwaka haujaisha akarudishiwa ngome. Mkoa ulibaki kwa yule bwana, naye aliendelea kumsumbua kwa miaka. Nicola aliiachia ngome mwenyewe mwaka 1226, akaenda kupumzika kijiji cha Swaton, akafia huko mwaka 1230.

Siwasifii Waingereza wa zamani kupita kiasi. Binti mwenye kaka hakurithi ardhi wala cheo; alipewa na kwao mali ya kuondokea, basi. Lakini pasipokuwa na mtoto wa kiume, mabinti waliwekwa mbele ya baba zao wadogo na wakubwa, na ardhi iligawanywa sawasawa baina yao. Kwetu, mzee akifa na mabinti watupu, ndugu zake ndio wanaoingia shambani na kamba ya kupimia. Mwenzangu wa zamu, mama wa Pemba, alitikisa kichwa nilipomweleza haya. Kwao, alisema, binti ana fungu lake kwa Qurani, nusu ya fungu la kaka yake, na hakuna kikao cha kumfutia.

Nilipompigia baba mkubwa kumwambia nataka dada aandikwe kwenye ile nyumba, aliuliza swali moja: "Sasa mwanangu, akiolewa je?" Ardhi itahamia ukoo mwingine, ndiyo maana yake. Simdharau kwa hofu hiyo. Wafalme wa Uingereza waliihofu hiyohiyo, na ilitokea kweli. Isabel de Clare alirithi Pembroke, Chepstow na Leinster ya Ireland, na mwaka 1189 akaozwa kwa William Marshal yuleyule, askari aliyekuwa hana ardhi ya kutosha. Mali yote ikawa mkononi mwa mume, na cheo kikafuata miaka kumi baadaye. Ila tazama mwisho wake: walizaa wana watano na mabinti watano, wana wote wakafa bila watoto halali, wa mwisho mwaka 1245, na mali ile ikagawiwa kwa upande wa mabinti. Dada yangu ana miaka 54. Nilimwambia baba mkubwa hivyo. Akanyamaza.

Wanaosema ni mambo ya Wazungu waangalie pia vyeo vyenyewe. Mwaka 2013 Bunge la Uingereza lilifuta upendeleo wa mtoto wa kiume kwenye kiti cha ufalme, lakini vyeo vingi vya kurithi vya makabaila mpaka leo humruka binti, hata kama mrithi wa kiume ni ndugu wa mbali. Wakati huohuo Mahakama Kuu yetu kule Mwanza, mwaka 1990, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya, ilikubali kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanaume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Ni kweli tamko la mila la mwaka 1963 linamweka binti daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote, nalo bado lipo vitabuni. Nataka lifutwe. Lakini hiyo ya 1990 haikuandikwa London. Iliandikwa na jaji wa Kitanzania.

Ndani ya ngome ya Lincoln kuna nakala moja ya Magna Carta ya mwaka 1215, kati ya nne zilizobaki. Chumba kina giza, wino umefifia. Humo imeandikwa kwamba mjane apewe urithi wake bila kucheleweshwa, na asilazimishwe kuolewa. Kile alichokinunua Lucy kwa marki 500 kikawa maandishi kwa wajane wa makabaila wote. Nilisimama pale nikaiwaza ile hati ya haki miliki ya kimila, karatasi ya kijiji yenye mhuri, ambayo hata mimi kihamba changu hakijaipata.

Nimeshakata tiketi ya Desemba. Safari hii nitakaa kwenye kikao mwenyewe, siyo ndani ya spika, na jina la dada nataka liandikwe kabla ya langu. Jana usiku nilimpigia kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "wahi kuja. Masale ya kaka yako yamevuka mgomba wa mama. Nimemwambia kibarua ayang'oe, akaniuliza, kwani dada, shamba ni la nani?"